Koo langu la kuchi limeraruliwa usiku, na mama ameshatoa kisu

Bint_Langoni · Jumanne, saa 1:10 asubuhi

Asalaam aleikum. Naandika kwa kidole kimoja, mkono wa pili umemshika kuku ndani ya leso, kwa hivyo herufi zikipotea mtanisamehe.

Nina koo la kuchi, yaani kuku jike wa mbegu ya kuchi, miaka miwili na ushei, mrefu, shingo imenyooka kama mlingoti. Twamwita Shangazi kwa vile anavyomtazama mtu kuanzia miguuni mpaka kichwani kabla hajaamua kama atampisha. Alikuwa ameatamia mayai tisa ndani ya tenga chini ya ngazi, hapa kiwandani, yaani uani kwetu, siku ya kumi na mbili. Kabla ya adhana ya alfajiri nikasikia ukelele mmoja. Mmoja tu. Nikasema ni paka. Lamu hii ukiamka kila paka wakipigana hutalala maisha. Baada ya swala nikateremka na tochi: manyoya kiwanda kizima, mayai mawili yamepasuka, naye amejibana nyuma ya pipa la maji, uso ukutani, kama mtoto aliyefinywa.

Mkia hana. Si kwamba umepungua, hana. Mgongoni ngozi imechanika upana wa sarafu ya shilingi ishirini, nyama yaonekana. Chini ya bawa la kushoto manyoya yamegandana kwa damu lakini jeraha lenyewe silioni. Asimama, hataki kutembea. Mdomo wazi, macho nusu. Na mwili wawaka moto, nadhani ana homa.

Mama ni mtu wa maneno machache na leo ameyapunguza zaidi: "Mtinde, asiwe kibudu." Kisha akaenda kutafuta jiwe la kunolea. Kwenye dini sibishani naye, aya ya 3 ya Suratul Maida naijua, aliyeraruliwa na mnyama ni haramu ila mliyemuwahi mkamchinja. Kwa hivyo ana hoja, na saa zaenda. Lakini kuku huyu alinipa babu wa Matondoni akiwa kifaranga cha wiki mbili, akamtoa mfukoni mwa koti, na mwezi ule ule babu akatangulia. Siwezi kumla kabla sijajaribu.

Hapa kwetu punda akichubuka kila mtoto ajua wa kumpeleka wapi, kituo cha punda kipo tangu 1987. Kuku je? Nyumbani nina chumvi, asali, iodini ya kahawia nusu chupa, jivii ya mtoto (ile dawa ya zambarau ya vidonda), spiriti na panadoli. Nianze na kipi? Na ni mnyama gani afanyaye hivi?

Nahodha_Mstaafu · Jumanne, saa 1:32 asubuhi

Pole dada. Paka huyo. Angekuwa kanu, yule mnyama wa madoa mwenye mkia mrefu, ungekuta kichwa hakipo, yule akiingia bandani ni kama mwenye kisasi. Nguchiro naye aja mtana, tena angemaliza mayai yote. Mpake mafuta ya taa kidogo, juu yake majivu ya makumbi, wazee wetu ndivyo walivyofanya. Na mama yako ana haki yake, mchuzi wa kuchi si mchezo.

Mzee_wa_Chanjo (Mpeketoni) · Jumanne, saa 1:50 asubuhi

Mwanangu, nimezunguka na kijaluba cha chanjo ya kideri vijijini tangu hujazaliwa, nimeona kuku wa kila aina ya msiba. Nisikilize, na umsomee mama.

Uamuzi wa kisu ni sasa, si kesho. Ukishaanza kumpa dawa, nyama yake haiingii sufuriani mpaka siku zilizoandikwa kwenye paketi zipite. Kwa hivyo mwangalieni pamoja. Shingo yashikilia kichwa? Akiguswa afungua macho? Miguu yote miwili yabana kidole chako? Tumbo halikupasuka? Kama majibu ni ndiyo, mwombe mama akirudishe kisu kwa heshima.

Homa hana. Kuku mzima joto lake ni nyuzi 41 hadi 42, mtu akifika hapo aitiwa watu wa kumsomea. Kuku wa kuogopewa ni yule aliyepoa miguu na undu. Mweke katika boksi au kikapu, kitambaa chini, leso juu, mahali penye giza na kimya, saa mbili asiguswe na mtu. Kuku wengi hawafi kwa jino la mnyama, wafa kwa kushikwashikwa na watu wenye huruma.

Maji: vuguvugu, sukari kijiko kimoja cha chai kwa glasi. Tone kwenye ncha ya mdomo, ameze mwenyewe. Usimpanue mdomo ukamimina. Tundu la pumzi liko papo hapo nyuma ya ulimi, utamzamisha naye yuko mapajani mwako.

Sasa jeraha. Lile la mgongoni lililokutisha wewe silo linitishalo mimi. Ngozi ya kuku ikichanika yajifunga kwa namna ya kushangaza. Nenda chini ya lile bawa. Jino la paka ni sindano: laingia, latoka, ngozi yajifunga juu yake, na kilichobaki ndani ni bakteria wa mdomoni mwake, Pasteurella, huyo huyo aletaye kipindupindu cha kuku. Lowanisha damu mpaka ilegee, kata manyoya kwa mkasi uone ngozi. Usiyang'oe.

Osha kwa maji yaliyochemka yakapoa, lita moja, chumvi vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, yasukume maji ndani ya jeraha mpaka yatoke safi. Iodini izimue mpaka ifanane na strungi nyepesi ndipo upake. Spiriti irudishe kabatini, yachoma nyama hai. Panadoli meza wewe, naona wahitaji. Usishone, jeraha la jino likishonwa usaha wakosa mlango.

Antibiotiki yatakiwa leo. Si Alhamisi. Mtu avukaye Mokowe akuletee poda ya OTC (oksitetrasaiklini) ya kuku kutoka agroveti, na mwenye duka aambiwe uzito wa kuku, kwa maana paketi zatofautiana. Kuku asiyekunywa maji hanywi dawa iliyo ndani ya maji pia, kwa hivyo kama hagusi kibakuli niambie, tutampimia kwa matone.

Nahodha, mafuta ya taa iachie kandili.

Nahodha_Mstaafu · Jumanne, saa 1:58 asubuhi

Haya, nimenyamaa. Lakini majivu?

Mzee_wa_Chanjo (Mpeketoni) · Jumanne, saa 2:01 asubuhi

Majivu ni ya kusugulia sufuria.

Bint_Langoni · Jumanne, saa 9:40 alasiri

Yu hai. Tulimkagua pamoja na mama, akashika kidole cha mama kwa kucha zote, mama akasema "Ala!" na kisu kimerudi jikoni. Hakusema zaidi.

Mzee, Mungu akupe umri. Nilikaa na pamba ya maji vuguvugu chini ya lile bawa robo saa nzima, nalegeza unyoya mmoja mmoja. Sikujua ngozi ya kuku pale ni nyembamba kama manda za sambusa, waona mishipa ya buluu imelala chini yake. Na juu yake nukta nne. Mbili juu, mbili chini, nyeusi, kila moja ndogo kuliko punje ya uwimbi. Hata damu hazitoi. Wallahi ningeziruka. Nilipopitisha kidole taratibu, moja ya juu ikatoa vipovu viwili vidogo, kama vya sabuni. Nikaosha, nikapaka ile strungi. Alipiga bawa mara moja tu, la kofi, chupa ikaruka. Leso yangu ya Idi sasa ina ramani.

Poda imefika na boti ya saa sita, kijana wa jirani alikuwa Mokowe. Maji ya kibakuli hayagusi, ya tone anameza. Kinyesi ni kijani kibichi, cha majimaji, kidogo sana. Hiyo ni sumu?

Na yale mayai saba yaliyobaki nimemwazima jirani, ana kuku wa kishingo aliyekuwa ameatamia mawili tu. Alitazama mayai yaliyoongezeka, akayavuta kwa mdomo chini yake, mambo yakaisha.

Mzee_wa_Chanjo (Mpeketoni) · Jumanne, saa 10:15 alasiri

Kijani hicho ni nyongo, tumbo halina kitu. Akianza kula kitabadilika. Mpe kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa na uji mwepesi wa mtama, kidogo kidogo. Kesho dagaa waliosagwa. Kuku huyu ajenga ngozi mpya, ahitaji protini; machicha ya nazi mtampa akipona, sasa hayamfai kitu peke yake. Na siku za dawa usimwekee maganda ya mayai wala ya chaza, chokaa yaishika OTC tumboni isifanye kazi.

Vile vipovu vimenifanya nifikiri. Kuku ana mifuko ya hewa mwilini, mbali na mapafu. Jino huenda limegusa mmoja. Ukiona uvimbe usiogope, niite.

Dawa ya matone nimekuandikia kule kwenye ujumbe wa faragha, si ya kila kuku, ni ya huyu mwenye uzito huu.

Mama_Mwembeni (Malindi) · Jumanne, saa 1:20 usiku

Dada pole sana, nimesoma yote nikiwa na kifua. Mimi huku Malindi adui yangu ni kunguru, hawa wenye shingo ya kijivu. Mwaka wa 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuwaondoa milioni moja pwani nzima. Nadhani habari ziliwafikia na wakaja kujificha wote kwenye mwembe wangu. Wananibebea vifaranga mchana kweupe nikiwa nimesimama na fagio.

Mawili ambayo Mzee hajayataja. La kwanza, nzi. Kwa joto letu hili jeraha la asubuhi laweza kuwa na funza siku ya pili. Funika kikapu chote kwa chandarua cha mbu, na ukague asubuhi na jioni, hasa chini ya matako pale kinyesi kinaposhika manyoya. Mimi nilimpoteza jogoo kwa hilo, jeraha la juu lilikuwa linapona vizuri na funza walikuwa chini, nikawasikia kwa pua kabla ya kuwaona. La pili, usimrudishe kwa wenzake akiwa na chochote chekundu. Kuku akiona wekundu hudonoa, akionja damu haachi, na hao ni dada zake wa tumbo moja. Jeraha likishakauka juu, paka jivii. Ile zambarau haimvutii mtu.

Bint_Langoni · Ijumaa, saa 12:25 asubuhi

Mzee, uvimbe umekuja.

Jana jioni alikula kiini chote na akanywa mwenyewe kibakulini, nikalala kwa furaha. Leo nimefunua leso nikakuta nusu ya kuku wangu ni puto. Kuanzia kwapa mpaka shingoni ngozi imepanda, imenyooka, yang'aa, waweza kuona mwanga wa tochi ukipita. Nikibonyeza yarudi ndani kisha yapanda tena, na chini ya kidole kuna sauti, kama kukanyaga majani makavu kwa mbali. Yeye mwenyewe amekaa ananiangalia na lile jicho lake la "unataka nini". Anapumua sawa. Mama amekuja akatazama, akasoma kidogo, akatoka.

Mzee_wa_Chanjo (Mpeketoni) · Ijumaa, saa 12:40 asubuhi

Ndiyo hiyo hewa. Kila akivuta pumzi kidogo inavuja chini ya ngozi na haina pa kutokea. Kama anapumua kwa mdomo uliofunga na anakula, tungeiacha ikaisha yenyewe, na huisha. Lakini ikifika shingoni itambana, kwa hivyo tuipunguze.

Sindano mpya kabisa, ya paketi. Ngozi ipake iodini. Mwanga wa tochi uweke upande wa pili uone mishipa ilipo, utoboe pale pasipo na mshipa, juu kabisa ya uvimbe, ngozi tu, usiende ndani. Hapo penye hewa ngozi iko mbali na nyama, ndiyo usalama wako. Kisha sukuma hewa taratibu kwa kiganja kuelekea tundu. Mama amshike mabawa. Ukiogopa mkono ukatetemeka, acha, usifanye. Mtafute mtu wa mifugo akufanyie.

Bint_Langoni · Ijumaa, saa 1:30 asubuhi

Mkono wangu ulitetemeka. Wa mama haukutetemeka. Ametoboa mama, mtu wa miaka 68 ashonaye kofia za vito bila miwani. Hewa ilitoka kwa sauti ndogo, *fsss*, na harufu ya joto tu, si ya kuoza. Ngozi imelala kama leso iliyovuliwa. Shangazi alijikung'uta akaomba chakula.

Mzee_wa_Chanjo (Mpeketoni) · Ijumaa, saa 1:34 asubuhi

Kutokuwa na harufu ya kuoza ndiyo habari njema kuliko zote. Itajaa tena, pengine mara mbili au tatu. Mpe mama salamu zangu. Mkono wa kofia ya vito ni mkono wa upasuaji.

Nahodha_Mstaafu · Ijumaa, saa 2:15 asubuhi

Sasa tumtafute mwizi. Leo usiku tandaza mtanga laini kiwandani na ndia ya kuingilia, unyunyize mai kidogo, upige sawa kwa ufagio. Asubuhi soma. Nguchiro na jamaa zake waacha alama za kucha. Paka atembea kucha zimo ndani, nyayo yake ni ya mviringo, vidole vinne, kucha hakuna.

Bint_Langoni · Jumapili, saa 12:50 asubuhi

Hewa imejaa mara moja tena, mama kaitoa, leo haijarudi. Dawa inaisha leo. Mgongoni pameota ngozi ya waridi, asali napaka safu nyembamba jioni.

Na mwizi tumemsoma. Nyayo za mviringo, vidole vinne, hakuna kucha, kubwa kuliko nilivyowahi kuona, zimeshuka ukutani, zikaenda moja kwa moja chini ya ngazi palipokuwa tenga. Hapo zikazunguka. Kisha zikaondoka, lakini hazikurudi ukutani. Zilienda mpaka mlango wa jikoni na zikakaa. Kuna alama ya makalio, jamani, na alama ya mkia uliokuwa unafagia mtanga.

Ni yule dume la rangi ya chungwa, sikio nusu. Na akaa pale mlangoni kwa sababu kila alfajiri mama humtupia vichwa vya dagaa.

Nilimwita mama aje aone. Alisimama juu ya zile nyayo muda mrefu. Akasema, "Na huyu naye ni mgeni wangu." Leo dagaa wametupwa nje ya mlango mkubwa, mbali, kule kwenye mtaro. Na fundi ameitwa kuja kutia waya wa matundu madogo kwenye kizimba. Mama ndiye alipaye.

Nahodha_Mstaafu · Jumapili, saa 1:05 asubuhi

Hahaha. Nimecheka mpaka chai imenitoka puani.

Mama_Mwembeni (Malindi) · Jumapili, saa 3:00 asubuhi

Waya ule wa matundu ya heksagoni peke yake hautoshi kwa paka mkubwa, huuvuta ukaachia. Mwambie fundi aweke ule wa kuchomelewa, nusu inchi, na uzikwe kidogo chini. Na mlango uwe na komeo, si kamba.

Bint_Langoni · baada ya wiki mbili

Wapendwa, niliwaahidi habari.

Mayai kwa jirani yametotolewa matano kati ya saba, siku ya ishirini na moja na ya ishirini na mbili. Jirani atanirudishia wawili, watatu ni wa kishingo wake, aliyefanya kazi. Shangazi tulimrudisha polepole: siku nne kikapu chake kilikaa kando ya kizimba wakaonana bila kugusana, akiwa na zambarau mgongoni kama aliyepakwa kwa harusi, kisha tukamwingiza usiku wakiwa wamelala. Asubuhi kulikuwa na kelele kidogo, akamdonoa mmoja utosini, cheo chake akakirudia.

Swali moja: mkia utaota? Kwa sasa akitembea aonekana kama chungu chenye miguu.

Mzee_wa_Chanjo (Mpeketoni) · siku hiyo hiyo

Manyoya yaliyong'olewa yote yaanza kuota mara moja, wiki chache utaona vijiti. Yale uliyoyakata kwa mkasi chini ya bawa yatangoja mpaka anyonyoke kwa wakati wake, kisiki lazima kianguke kwanza. Kwa hivyo paka amempunguzia mkia wa mwezi mmoja, na wewe umempunguzia bawa la msimu mzima. Nilikuambia ukate, mimi ndiye wa kulaumiwa.

Bint_Langoni · siku ya 34

Ametaga! La kwanza tangu msiba. Dogo, ganda lina mikwaruzo kama limeandikwa, lakini ni yai. Vijiti sita vya mkia vimetoka.

Mama amelichukua akaliweka juu ya kabati la vyombo, ameandika tarehe kwa penseli. Mzee, ataka kujua siku za dawa zimekwisha? Kwa sababu ataka kulikaanga, na asema si la kwangu peke yangu, naye alishika sindano.

Mzee_wa_Chanjo (Mpeketoni) · siku ya 34

Paketi yenu ilisema ngapi?

Bint_Langoni · siku ya 34

Zilipita zamani. Ila mama alitaka alisikie kwako.

Mzee_wa_Chanjo (Mpeketoni) · siku ya 34

Na alikaange.